Kirabu: kaya moja, mtu mmoja

Saa kumi na moja alfajiri, kifuniko cha sufuria kinagongagonga. Kinanyanyuka kidogo, kinatua, kinanyanyuka tena, na kila kikitua hutoa mlio mdogo kama wa mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Katika nyumba hii ya Katubuka, mjini Kigoma, hakuna sauti nyingine.

Sia Temba anakiacha kigonge. Ndani ya sufuria mna viazi vitamu vya safari. Kimoja amekitenga pembeni akikate vipande na kukirudisha motoni, kiive mpaka kilainike kabisa, kwa sababu atakayekila hana meno ya kutosha.

Juu ya meza kuna bomba la plastiki, lile la mafundi wa maji, limekatwa urefu wa mkono na kuzibwa matambara pande zote mbili. Ndani yake mna nakala ya ramani. Sia analigusa, anarudi kwenye viazi, analigusa tena.

"Leo kama nimekosea, nitakuwa nimemtoa mama wa watu kitandani bure," anasema, huku akitabasamu kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani. "Tena mama mwenyewe ana miaka themanini na tatu."

Mama huyo ni Bibi Agnesi, mkazi wa Ujiji. Leo Sia anampeleka mahali ambapo, kwa mujibu wa makaratasi, palikuwa na kilabu cha pombe cha mama yake mzazi. Kijiji chenyewe hakipo tena. Kilabu hakipo. Lakini nyuma ya kilabu hicho ndipo alipozikwa mama yake, na Bibi Agnesi ana jambo moja tu analolitaka kabla macho yake hayajafunga kazi: alione kaburi hilo.

Sia ni mtunza ramani katika ofisi moja ya ardhi mkoani Kigoma. Alizaliwa Rombo, Kilimanjaro, akaletwa huku na kazi miaka ishirini na saba iliyopita, na hakuondoka. Wafanyakazi wenzake humwita Mama Ramani. Watu wakigombania mpaka, yeye ndiye anayepanda ngazi ya chuma, anashusha bunda, anapuliza vumbi na kulikunjua juu ya meza.

Mwisho wa Juni anastaafu. Zimebaki wiki tatu.

"Ukishastaafu unarudisha ufunguo," anasema. "Huwezi tena kwenda tu pale ukafungua kabati kwa sababu umeota jambo."

Jambo lenyewe lilianza mwaka juzi. Msichana mmoja aitwaye Happiness, mjukuu wa Bibi Agnesi, alikuja ofisini na barua ya kurasa mbili, mwandiko wa kupendeza. Alieleza kwamba bibi yake alizaliwa katika kijiji cha Nyamhoza, kwenye miteremko iliyo kati ya Kalinzi na ziwa. Aliolewa Ujiji na fundi cherehani. Mama yake, Domitila, alibaki Nyamhoza peke yake, akafariki mwaka 1969.

Miaka michache baadaye, watu wa Nyamhoza walihamishiwa kwenye vijiji vya maendeleo vilivyo kando ya barabara. Nyumba zikabaki wazi, nyasi zikaingia. Bibi Agnesi alikuwa Ujiji akilea watoto wadogo. Alipokuja kupata nafasi ya kwenda, vijia vyote vilikuwa vimemezwa na pori, na hakukuwa na aliyeweza kumwonyesha njia.

Barua ilimaliza kwa kusema kwamba marehemu alizikwa nyuma ya "nyumba yake ya biashara".

Maneno hayo manne yalimgharimu Sia zaidi ya mwaka mzima.

Nyamhoza yenyewe aliipata siku ya kwanza. Imo kwenye ramani ya zamani, lakini jina limetandazwa juu ya matuta matatu ya milima, na kutoka tuta la kwanza hadi la tatu ni mwendo wa asubuhi nzima. Kaburi moja humo ni sindano ndani ya ghala la pamba. Kwa hiyo akatafuta nyumba ya biashara. Akatafuta duka. Akatafuta soko, gulio, ghala la kununulia kahawa. Hakuona kitu.

Alipochoka na ramani, alihamia kwenye stoo. Huko, chini ya viti vilivyovunjika, lilikuwamo boksi lenye orodha za maeneo ya sensa ya mwaka 1967. Hazina majina ya watu, zina majina ya mahali tu na idadi: kaya ngapi, watu wangapi. Panya walikuwa wamezila pembe zote, ila katikati walikuwa wameacha. "Panya wa Kigoma wana huruma," anasema Sia.

Hapo ndipo alipogundua jambo lililomfanya asimame peke yake stoo akapiga makofi. Orodha ya Nyamhoza haikupangwa kwa alfabeti. Ilipangwa kwa miguu. Karani wa sensa alikuwa ameandika mahali kwa mahali kadiri alivyotembea: kijito hiki, kitongoji kile, kivuko, kitongoji kingine. Ukiweka kidole kwenye ramani na kumfuata, unatembea naye.

Sia alimfuata karani yule kwa siku nne, wakati wa chai, huku andazi likiwa mkono wa pili. Vitongoji saba, kaya sitini na moja. Kati ya kitongoji cha tano na cha sita kulikuwa na mstari mfupi kuliko yote: *Kirabu. Kaya 1. Watu 1.*

Kwenye ramani nako palikuwa na Kirabu, herufi ndogo kando ya mlima mdogo. Basi akaona ni jina la mlima, na kwamba pana mtu mmoja aliyependa upweke akajenga huko. Akapita, akaendelea kutafuta duka.

Hata alimwuliza Jeremia, dereva wa ofisi, ambaye ni Muha wa kuzaliwa Mwandiga. Akamwonyesha neno kwa ncha ya penseli. Jeremia alilitazama, akatikisa kichwa. Akasema mlima Kirabu haujui, labda wazee.

Hapo kazi ikakwama. Zikapita wiki, miezi ikafuata.

Kilichoikwamua hakikuwa karatasi. Mwezi wa nne mwaka huu, Sia aliona aibu. Alikuwa amemtafutia mwanamke mmoja kaburi la mama yake kwa zaidi ya mwaka bila kuwahi kumtia machoni. Jumamosi moja akanunua sukari na sabuni, akaenda Ujiji kumwambia ameshindwa.

Bibi Agnesi alimkaribisha kwenye mkeka, akamwekea mto mgongoni kabla hajaketi, akamwagiza Happiness alete chai. Sia akamwamkia, akajieleza, akaomba radhi. Akasema ametafuta duka la marehemu kila mahali, hakuliona.

Bibi kizee akamtazama. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Duka gani? Wewe Happiness, uliandika mama yangu alikuwa na duka?"

Happiness akainama. Akasema aliandika nyumba ya biashara. Aliona vibaya kuipelekea serikali barua yenye habari za pombe.

Bibi Agnesi akacheka mpaka kikombe kikamwagika. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake kilicholelewa na Kiha, lile neno ambalo kwa miezi kumi na moja lilikuwa limelala mbele ya macho ya Sia.

"Mama hakuwa na duka, mwanangu. Mama alikuwa na kirabu."

Sia alikiweka kikombe chini. Alimwomba bibi arudie. Bibi akarudia, polepole, akidhani mgeni hasikii vizuri: kirabu. Kirabu cha pombe. Watu wanakuja, wanakunywa, wanaimba, wanakwenda zao.

Karani wa sensa alikuwa mwalimu wa huko huko. Aliuliza mahali hapo panaitwaje, akaambiwa kirabu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hulitamka hivyo, akaandika kama alivyosikia. Mchora ramani naye aliongozwa na wenyeji. Kilabu kikawa Kirabu, Kirabu kikawa mlima.

"Na mimi ni Mchaga," anasema Sia, akijicheka. "Kwetu nako hizo herufi mbili, l na r, zinagombana. Shuleni nilichapwa kwa ajili yake. Ningepaswa kuwa wa kwanza kujua."

Jumatatu alipomweleza Jeremia, dereva huyo alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama Ramani, hilo neno nalisema kila siku," alimwambia. "Ila sijawahi kuliona limeandikwa."

Lakini kabla hajaondoka Ujiji Jumamosi ile, Sia alitoa daftari lake mkobani, akamsomea Bibi Agnesi ule mstari wa sensa kama ulivyo. Kirabu. Kaya moja. Mtu mmoja.

Bibi alisogea karibu. Akaomba asomewe tena.

"Mtu mmoja," akasema. "Huyo ni mama. Mimi nilikuwa nimeshaolewa."

Yeye na mumewe waliishi vizuri, lakini ukoo wa mume haukupenda kutajiwa mama muuza pombe, na kwa miaka mingi Bibi Agnesi akawa hamtaji. Sasa alikuwa amesikia kwamba mtu alipanda mlima, akafika mlangoni kwa mama yake na kumhesabu. Alimshukuru Sia, kisha akamshukuru na yule karani, ambaye pengine naye ni marehemu, kwa kutomruka.

Sia naye akamwambia jambo ambalo ofisini halijui mtu. Mama yake, kule Rombo, alipika na kuuza mbege, ile pombe ya ndizi. Ndiyo iliyomsomesha.

Wiki iliyofuata Sia alipanda pikipiki hadi mwisho wa njia, akashuka kwa miguu na bomba lake begani. Mahali ramani inaposema Kirabu, alikuta shamba la michikichi na mahindi, na mzee mwembamba aliyekaa kwenye kigoda akibangua chikichi. Huyo ni Hamdani. Baba yake alianza kulima hapo miaka ya themanini, pakiwa bado pori.

Hamdani aliliona bomba kabla ya kumwona mtu. Salamu akaipokea kwa mbali.

"Bomba kama hilo naliogopa kuliko nyoka," alimwambia. "Likifunguliwa, mtu analala na shamba, anaamka hana."

Sia hakulifungua. Aliliweka chini, akavuta jiwe, akaketi, akaanza kumsaidia kubangua. Walikwenda hivyo karibu saa nzima, na wakati wote huo alikuwa akimsimulia habari za bibi mmoja wa Ujiji. Alipofika kwenye kaburi, mikono ya Hamdani ilisimama.

Mzee huyo aliinuka, akamwongoza kupita mafiga matatu makubwa, meusi, ambayo mahindi yalikuwa yamepandwa kuyazunguka. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha ardhi kisichofikia ukubwa wa chumba. Hakikuwa na mahindi, wala magugu hakikuwa nayo. Kichwani kwake lilikuwepo jiwe moja, limezama nusu ardhini.

Akamweleza kwamba baba yake, alipokuwa akifyeka, alikuta pale udongo umeinuka, na jiwe. Akasema jembe lisipite. Alipofariki, Hamdani akaendelea. Kila msimu hupalilia mahindi yake, kisha hupalilia na pale.

"Sijui ni nani," alimwambia Sia. "Ila nilijua ni mtu."

Yeye ni Mwislamu na pombe hajawahi kuionja. Miaka yote hiyo amekuwa akimfagilia mlango mama mwenye kilabu.

Sia alirudi mbio Ujiji na habari hizo, lakini Bibi Agnesi hakuzimeza mzimamzima. Aliuliza ameona nini. Mafiga. Mafiga yapo hata Ujiji, akasema. Kitu kingine? Jiwe. Mawe ni mengi, akasema, hasa huko kwetu. Kuna jambo moja tu litakalomwambia kama ndipo au sipo, na hilo hatalitamka mpaka asimame hapo mwenyewe, maana mtu akiambiwa kinachotafutwa, hukiona hata kisipokuwepo.

Ndiyo maana leo Sia hawezi kutulia.

Saa moja asubuhi gari dogo la Jeremia linasimama mlangoni. Ni lake mwenyewe, na siku yake ya mapumziko. Amesema anafidia lile neno. Wanampitia Bibi Agnesi na Happiness, wanaelekea Mwandiga, wanapanda. Bibi amevaa gauni jipya na kitambaa cheupe kichwani. Kiazi chake laini anakila kidogo kidogo, na nusu anampa dereva kwa nguvu.

Njia ya gari inapoishia, Hamdani yupo. Amekuja na majirani wanne, na kiti cha mbao walichokifunga kwenye miti miwili. Hakuna aliyewaomba.

"Nilitoka huku kwa miguu, bibi harusi," Bibi Agnesi anawaambia wanapomnyanyua. "Narudi nimebebwa kama mgonjwa."

"Siku hizi mabibi harusi ndio wanaobebwa," anajibu mmoja wao, na wote wanacheka, ila hawayumbi.

Wanashuka taratibu kati ya michikichi. Chini kabisa, ziwa linameta. Sia anatangulia, anarudi nyuma, anatangulia tena. Bomba la ramani ameshalisahau garini.

Wanafika kwenye mafiga. Bibi anayaangalia na kupita. Wanafika kwenye kile kipande kilichopaliliwa, wanamshusha. Anasimama, mkono mmoja umemshika Happiness, anainamia lile jiwe muda mrefu. Macho hayamtoshi. Analigusa kwa ncha ya fimbo.

"Ligeuzeni," anasema.

Hamdani hasogei. Kwa adabu anaeleza kwamba baba yake alimuusia lisisogezwe, na kwamba angependa kujua sababu.

Hapo ndipo Bibi Agnesi anapoitoa siri yake. Mama yake alikuwa na jiwe la kusagia kimea cha pombe. Siku ya mazishi, wanawake wenzake, wale waliokuwa wakimsaidia kupika, walilibeba mpaka kaburini, wakalilaza kifudifudi, uso wake ukatazama chini, ili asije mtu mwingine akasaga juu yake. Jiwe lililotazama juu ni jiwe tu. Hili, likiwa ni lenyewe, lina uso.

"Na uso wake una alama," anasema. "Geuza, mwanangu. Tutalirudisha."

Wanalichimbua pembeni kwa mpini wa jembe. Jiwe ni zito, linagoma, linang'oka ghafla. Upande wa chini umejaa udongo na mizizi. Sia amejishika mdomo. Happiness anamimina maji ya chupa aliyokuja nayo, anafuta kwa ncha ya khanga, anamimina tena.

Udongo unaondoka. Unatokea mfereji mpana, laini, uliolika kama kitako cha mtumbwi. Hauko katikati. Umelalia upande mmoja, wa kushoto.

Bibi Agnesi anapiga magoti, hakuna aliyewahi kumzuia. Anaweka kiganja ndani ya ule mfereji, anakivuta, anakirudisha.

"Mama alikuwa mashoto," anasema.

Kisha anamwamkia mama yake kwa Kiha. "Mwakeye," anasema, na mengine anayasema kwa sauti ya chini isiyomhusu mtu. Majirani wanavua kofia. Hamdani anageuka, anashughulika na jani la mchikichi lisilokuwa na shida yoyote.

Sia Temba, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, anakimbia. Anakimbia kupandisha kilima mpaka simu inaposhika mtandao, ampigie Jeremia aliyebaki na gari. Kutoka chini sauti yake inasikika yote. "Ndipo, Jeremia. Ndipo penyewe. Kaya moja, mtu mmoja."

Bibi anaagiza jiwe lilazwe tena kama lilivyokuwa. Linalazwa. Saruji hataki, wala nguzo. Anaomba msalaba mdogo wa mti tu, na anamwuliza Hamdani kama hilo litamkwaza, kwa kuwa shamba ni lake. Hamdani anajibu kwamba mti wa kuchongea anao, mkavu, na kwamba mwanawe ni seremala.

Wanakaa kivulini mwa michikichi, wanakula viazi vilivyobaki. Sia anaeleza mpango wake. Ofisi imemruhusu aache maelezo ndani ya faili, ili atakayekuja baadaye asiutafute tena mlima Kirabu. Na habari za Bibi Agnesi zilipoenea, watu wengine kumi na mmoja wamemfuata: huyu anatafuta chemchemi, yule kanisa la nyasi, mwingine shule aliyosomea darasa la kwanza.

"Ufunguo nitaurudisha," anasema. "Ila sasa najua nianzie wapi. Nianzie kwa wenye mahali, niwasikie wanavyopaita. Karatasi nitaifuata baadaye." Anataka kuzunguka Mwandiga na Kalinzi na daftari, mzee kwa mzee, akiandika majina kama yanavyotamkwa, wakati watamkaji bado wapo.

Jua linapanda. Wabebaji wanakaza kamba za kiti. Bibi Agnesi anaaga, anambariki kila mmoja kwa zamu, na anamwomba Hamdani radhi kwa usumbufu wa kumpigia hodi bila ya kujuana.

Hamdani anasema usumbufu hakuuona. Ameishi na mgeni wa kimya miaka yote hiyo, na leo ndiyo kwanza ameambiwa jina lake. Anawasindikiza hadi kwenye mafiga matatu. Hapo anasimama, anaweka mkono juu ya figa moja jeusi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anatabasamu.

"Mrudi mahindi yakikomaa," anasema. "Kirabu hiki hakina pombe tena, mama, lakini uji upo. Msikae sana. Mrudi."